Mkaguzi wa Chumba cha Vifaranga

Mtaa mzima ulimwita Bwana Kesho, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Mwombe akutengenezee bawaba ya mlango, kesho. Mkumbushe bomba linalovuja, kesho. Alikuwa dereva wa lori la watu, na hilo lori ndilo kitu pekee alichokiwahi duniani, maana lisingemngoja. Dada yake, ambaye hata waliomzidi umri walimwita Dada Mkubwa, alishamzoea. Yeye ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki na kumwachia mtoto aliyekuwa bado analia akivishwa viatu. Uvivu wa mdogo wake aliuona ni kazi ya mikono yake mwenyewe, na kazi ya mikono yako huitupi jalalani.

Kwa hiyo siku Bwana Kesho aliposhika nyundo bila kuombwa, mtu yeyote mwenye akili timamu angeshtuka. Dada Mkubwa hakushtuka. Alifurahi, masikini, na tusijifanye wajanja kuliko yeye, kwani ni nani asiyefurahi ndugu yake akiamka?

Ilianza hivi. Dada Mkubwa alikuwa ameacha kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni baada ya viganja vyake kugoma. Kukaa bure kulimshinda. Alifagia palipokwisha kufagiliwa, akapika chakula cha harusi kwa watu wawili, akafikia hatua ya kugombana na redio. Ndipo Bibi Kuku, jirani wa mtaa wa nyuma aliyefuga miaka mingi hadi sauti yake mwenyewe ikawa kama ya kuku anayetetea, alipomwita akaone vifaranga waliofika asubuhi ile. Akamwekea mmoja kiganjani. Kifaranga akafumba macho, akalala palepale, kama vile kiganja kile kilitengenezwa kwa ajili yake. Dada Mkubwa alirudi nyumbani ameshaamua. Atafuga kuku wa mayai, na ataanza na vifaranga wa siku moja, awalee mwenyewe.

Alimweleza mdogo wake wakiwa mezani, huku akilingoja lile neno lake. Bwana Kesho akaweka kijiko chini.

"Tutawaweka wapi?"

"Kwenye stoo ya mama, kule nyuma. Ila ile stoo imechoka. Kuta zina nyufa, bati linavuja, panya wanaingia na kutoka kama wana funguo. Kifaranga hataki upepo, hataki unyevu, na panya ndio usiseme, watawamaliza wote."

"Basi tuitengeneze."

"Lini?"

"Leo," akasema Bwana Kesho, na Dada Mkubwa akacheka mpaka akapaliwa.

Na kweli ikawa leo. Walianza na panya. Bwana Kesho aliyasaka matundu yao, akayajaza vipande vya chupa, akayasiliba kwa saruji. Akapanda juu, akang'oa bati bovu, akaweka jipya. Dada Mkubwa akapaka chokaa kuta zote nne, akashuka kwenye ngazi akiwa mweupe kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu. Sakafu ikapigwa saruji upya ili ioshwe vizuri. Waya wa umeme ukavutwa kutoka sebuleni kwa ajili ya taa ya joto. Pesa alitoa Bwana Kesho mwenyewe, bila kununa.

Kisha ukarabati ukaanza kutambaa. Vioo vya sebuleni vilivyopasuka, alisema Bwana Kesho, vinaingiza upepo, na upepo ukishaingia mbele haukosi kufika nyuma. Dada Mkubwa akaona kweli. Ukuta wa mbele nao upakwe rangi, maana wateja wa mayai watapita wapi kama si mbele? Kweli tena. Choo kilipowekewa mlango mpya, hata hakumngoja mdogo wake atoe sababu, aliitoa mwenyewe: anayefuga haachi kunawa, na mtu hanawi kwa raha mlango ukiwa umefungwa kwa kamba. Hili ndilo linalotia uchungu ukilifikiria. Nusu ya uongo ule aliushona yeye, kwa uzi wake, na mdogo wake kazi yake ilikuwa kushika kitambaa tu.

Walipomaliza kuta wakaingia kwenye kazi yenyewe. Walikunja mbao nyembamba za dari wakafanya uzio wa mviringo sakafuni, kwa sababu vifaranga wakipata kona husongamana humo mpaka walio chini wanakosa pumzi. Ndani ya uzio wakamwaga maranda makavu kutoka kwa seremala, na juu ya maranda wakatandika magazeti, wageni wasije wakayadonoa wakidhani ni chakula. Taa wakaining'iniza katikati kwa mnyororo, ili ipandishwe na kushushwa.

"Utajuaje kama joto limetosha?" akauliza Bwana Kesho.

"Wenyewe watakwambia," akajibu Dada Mkubwa, akirudia somo la Bibi Kuku neno kwa neno. "Wakirundikana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, unawachoma. Wakitawanyika huku na huku kila mmoja na shughuli zake, hapo umepatia."

"Ngoja tujaribu."

Lile jitu zima, la kubadilisha matairi ya lori peke yake, likaruka uzio, likachuchumaa chini ya taa, mikono kwapani. "Chwi, chwi, chwi! Mama, baridi!" Dada Mkubwa akashusha taa. Bwana Kesho akakimbilia ukingoni kwa magoti, ulimi nje. "Mama, unatuchoma! Mama huyu hana huruma!" Dada Mkubwa akaipandisha taa, akaishusha, akaipandisha tena kwa makusudi, na kifaranga wake akawa anazunguka mle ndani akilalamika huku gazeti limemganda gotini. Walicheka wakavunjika mbavu. Dada Mkubwa alishikilia ukuta wa chokaa na machozi yakamtoka. Nyumba ile haikuwa imesikia kicheko cha namna hiyo tangu mama yao alipokuwa hai. Alijiambia kwamba hata kuku wakija wakagoma kutaga, faida yake ameshaipata.

Baada ya hapo Bwana Kesho akaleta habari. Watu wa kutotolesha vifaranga, alisema, siku hizi hawampi kila anayetaka. Lazima kwanza mtu wao aje akague chumba.

Dada Mkubwa akaipeleka habari hiyo kwa Bibi Kuku, kwa kujisifu kidogo.

"Mkaguzi?" Bibi Kuku akauliza, akiwa ameshika ndoo ya pumba. "Mimi nimefuga mpaka meno yamehama, sijawahi kukaguliwa. Wale wanachotaka ni kuuza. Hata ukiwaambia utawaweka chini ya kitanda, watakufungia boksi."

"Mambo yamebadilika, bibi. Sasa hivi kila kitu kina utaratibu wake."

"Haya, mwanangu, nyie wenye utaratibu," akasema Bibi Kuku, akawageukia kuku wake.

Mkaguzi akaja, mtu wa makamo, mpole, viatu vinang'aa. Dada Mkubwa alikuwa ameweka beseni la maji ya dawa mlangoni mwa stoo, maana mtu wa kuku haingii chumba cha vifaranga kabla ya kuchovya nyayo. Magonjwa mengi huletwa na viatu. Mkaguzi akaliruka lile beseni kama anayeruka dimbwi barabarani. Dada Mkubwa akaliona hilo, likamkwaruza kidogo, kisha akamtetea mwenyewe moyoni: labda kwa kuwa chumba bado ni kitupu.

Mkaguzi hakuinama kutazama uzio. Hakugusa maranda. Taa ya joto aliipita akiikwepa kwa kichwa. Aliinua macho kwenye bati, akalitazama kwa muda mrefu. Akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, huku na kule, akisikiliza. Akauliza kama mvua ikinyesha maji yanatuama uani. Akauliza kuhusu majirani.

Na Dada Mkubwa akamjibu! Alijibu mpaka visivyoulizwa. Kwamba mama yao aliinua msingi kuliko nyumba zote za mtaa ule, maji hupita mbali. Kwamba bomba la kwao halikauki hata la jirani likikauka. Kwamba majirani ni watu wa heshima wanaolala mapema. Alimpitisha sebuleni, akamwonyesha vioo vipya, akamfungulia mlango wa choo kama mtu anayefungua kabati la vyombo vya wageni. Kama kuna binadamu aliyewahi kuinadi nyumba yake bila kujua, tena kwa moyo mweupe, ni yeye siku ile. Bwana Kesho alikuwa nyuma yao, akijifuta shingo kwa leso.

"Hongera, mama," akasema mkaguzi. "Pametunzwa."

"Kwa hiyo nimepita?"

Yule mtu akamgeukia Bwana Kesho kama asiyeelewa swali. Bwana Kesho akadaka haraka: "Umepita, dada. Umepita vizuri sana."

Wakaagana mpaka Jumamosi.

Jumamosi Dada Mkubwa aliamka kabla ya jogoo wa Bibi Kuku. Aliwasha taa mapema, kwa sababu chumba kinatakiwa kipate joto kabla wageni hawajafika. Kifaranga akitolewa kwenye boksi akakuta sakafu baridi, huenda asiinue kichwa tena. Alichemsha maji, akayaacha yapoe, akayatia sukari kidogo ya kuwaondolea uchovu wa safari, akayamimina kwenye vinyweshea. Akavaa gauni safi. Mdogo wake alikuwa akizungukazunguka uani, anafungua kinywa, anakifunga. Dada Mkubwa akamwambia atulie, wanaoletwa ni kuku, si wakwe.

Gari likasimama nje. Dada Mkubwa akatoka karibu anakimbia, mikono mbele, tayari kupokea maboksi.

Akashuka yule mkaguzi, na upande wa pili akashuka mwanamke aliyevaa miwani, mkewe. Wakasalimiana vizuri. Mwanamke akaingia ndani huku akitazama juu na chini, akapita ukumbini, akafika stoo, akasimama mlangoni.

"Hiki ndicho ulichoniambia, mume wangu. Hiki kitakuwa jiko. Tukiuondoa ukuta huu, tunatokea moja kwa moja uani. Haya makaratasi yatatolewa, eti?"

Dada Mkubwa alikuwa bado anachungulia gari. "Vifaranga mmewaacha ndani ya gari? Watakosa hewa."

"Vifaranga gani, mama?" akauliza yule mwanaume.

Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama mtu aliyepotea njia. Dada Mkubwa akamtazama, akamtazama mkewe, akamtazama mdogo wake, na mdogo wake alikuwa ameikazia macho sakafu ile waliyoipiga saruji pamoja.

"Sisi tumekuja kwa ajili ya nyumba," mwanamke akasema taratibu. Sasa naye alikuwa ameanza kuhisi kuna jambo. "Bwana ametuambia mmekubaliana. Leo tumekuja kusikia neno lako tu, kwa kuwa nyumba mliachiwa wawili. Akasema wewe unahamia kwa watoto wako."

"Watoto wangu?"

"Ndivyo alivyotuambia."

"Mimi mtoto niliyemlea ni huyu hapa," akasema Dada Mkubwa, akamnyooshea kidole Bwana Kesho.

Bwana Kesho akainua macho hatimaye, na macho yale Dada Mkubwa aliyafahamu kuliko anavyofahamu chochote. Ni yale yale ya mtoto aliyevunja kioo cha shule, aliyepoteza akiba ya sherehe, aliyegonga lori la tajiri wake akitoka mahali ambapo hakutumwa. Kila mara dada yake alitangulia mbele, akasema, "Samahani, ni mimi niliyemtuma." Hakumwaibisha mbele ya watu hata siku moja. Na sasa akaelewa kwamba hilo ndilo mdogo wake alilolitegemea. Hakumficha habari za wanunuzi kwa kusahau. Alitaka wafike, wasimame mlangoni na nguo zao nzuri, ili dada yake aone haya kukataa.

Iliuma. Tusizungushe maneno, iliuma kama kumwagiwa maji ya moto na mkono uliouosha mwenyewe. Na bado neno la kumkingia kifua lilimjia mpaka kwenye ulimi, kwa mazoea tu. Akalimeza.

"Nyumba hii ni ya wawili," akawaambia wageni, "na mmoja hajaulizwa. Mnisamehe. Mmepoteza safari yenu bure, na mimi nimewapotezea zaidi siku ile kwa maneno yangu mengi."

Mwanaume akavua kofia, akaivaa tena. "Hapana, mama. Malizaneni kwanza wenyewe. Mimi sinunui ugomvi." Akamtupia Bwana Kesho jicho moja ambalo lilitosha. Mkewe alibaki nyuma kidogo, akaushika mkono wa Dada Mkubwa, akatafuta la kusema, akasema lililokuwa karibu: "Lakini chumba ni kizuri, mama. Kweli."

Gari likaondoka. Dada Mkubwa akarudi stoo, kwa kuwa taa ilikuwa inawaka na hajui kuacha kitu kinawaka bila mtu. Bwana Kesho akamfuata.

"Kuna lori linauzwa," akaanza. "Langu mwenyewe, dada. Nimechoka kuendesha la watu. Na wewe ungepata sehemu yako, kamili, nisingegusa. Tungepanga mahali pazuri. Ningekutengenezea chumba kingine cha kuku."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Ndiyo maana."

"Kwa hiyo ulijua." Aliinama akanyoosha gazeti lililokunjika ndani ya uzio, mkono ukifanya kazi wenyewe. "Na vifaranga? Hukuagiza hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Siku nilipokuuliza kama tuongeze kinyweshea cha pili, ukasema tuongeze."

"Nilisema."

"Ukaenda ukakinunua."

"Nilikinunua, dada."

Dada Mkubwa akanyooka. Kulikuwa na swali moja, naye aliliogopa kuliko lile la nyumba. Nyumba ilikuwa imepona. Bila neno lake haiendi popote. Lakini alikuwa na ile jioni ya kucheka, ambayo aliitunza ndani yake kama pesa ya akiba, na alitaka kujua kama ni halali.

"Siku ile ulipoingia humu ukajifanya kifaranga. Mnunuzi ulikuwa umeshampata?"

"Nilikuwa nimeshampata."

"Sasa kile kicheko ulikuwa unaigiza?"

Bwana Kesho angeweza kudanganya. Amedanganya makubwa kuliko hilo. Lakini alitikisa kichwa, na machozi yakaanza kumlengalenga, ya kweli kabisa.

"Hapana, dada. Wallahi nilicheka kweli. Nilikuwa nimesahau kila kitu. Siku ile hata mimi nilikuwa nawasubiri vifaranga."

Alidhani anamfariji. Dada Mkubwa akaketi juu ya gunia la maranda lililobaki. Muda wote huo alikuwa akiiandaa hasira yake kwa ajili ya mnafiki, mtu mwingine kabisa aliyejificha ndani ya ngozi ya mdogo wake. Hakuwepo. Alikuwepo huyu huyu, aliyempenda kwa moyo wote jioni ile, kisha asubuhi akaamka, akanawa uso, akaendelea kumuuzia nyumba.

"Bora ungesema uliigiza," akamwambia. "Tapeli ningemfukuza, nikafunga mlango, nikalala. Wewe sasa nikufanye nini?"

Hakuuliza kwa kusuta. Alitaka kujibiwa. Bwana Kesho akachuchumaa kando ya uzio, mikono kwapani. Nje, mtoto wa jirani alipita akiimba, na ndani, taa ikiwa bado inawaka, joto likazidi kupanda.